Chupa ya Nikodemu na Sheria ya Vizibo

Nchi yenyewe siitaji. Nina shangazi yangu kule, mtu mzima, anafuga kuku wake kwa utulivu, na sitaki aje kuulizwa mbona mtoto wa kaka yake ana mdomo mrefu. Jueni tu kwamba ni nchi ya milima na baridi, yenye amani nyingi kupita mahitaji, na inaongozwa na Mlezi Mkuu, ambaye afya yake ni njema. Afya hiyo hutangazwa redioni kila siku saa moja asubuhi, kabla ya utabiri wa hali ya hewa, na kwa miaka mingi watu waliisikiliza huku wakipiga mswaki.

Sasa, mwezi wa pili wa mwaka ninaousimulia, mtangazaji akaacha kusema "njema" akaanza kusema "njema sana". Mwezi wa tatu ikawa "njema ajabu". Mwezi wa nne gazeti la serikali likaandika kwamba madaktari wa Mlezi Mkuu wameomba wapewe kazi nyingine, maana wamechoka kutafuta ugonjwa wasiouona. Siku hiyohiyo ilipofika saa nane mchana, hakuna duka mjini lililobakiwa na chupa ya wiski ya maana.

Mimi sisemi kitu. Nasimulia tu.

Katika foleni ya asubuhi ile alikuwamo mzee Nikodemu Kasumbi, mpima ardhi mstaafu. Alikuwa mtu wa kupima mara mbili. Kazi ya miaka thelathini ilimfundisha kwamba jiwe la mpaka hutembea, na likitembea halitembei peke yake, kwa hiyo alishuku majirani, alishuku mawe, alishuku hata salamu. Ukimwambia "habari za asubuhi", anatazama kwanza saa yake. Asubuhi ile alimshuku aliye mbele yake kwenye foleni, na aliye nyuma yake akamshuku yeye, wakasogea hivyohivyo mpaka dirishani. Nikodemu akapata chupa moja ya wiski ya kimea kitupu, imelala kwenye pipa miaka kumi na minane, ile ya harufu ya moshi. Pensheni ya miezi miwili ikaenda.

Alinunua kwa sababu ya mdogo wake.

Mdogo wake, Amosi, alikuwa fundi mwashi. Miaka saba nyuma alibebwa kwenye lori pamoja na wenzake kwenda uwanjani kumsikiliza Mlezi Mkuu. Waliamshwa saa kumi alfajiri, na hotuba ilianza saa saba mchana. Mlezi Mkuu akahutubia saa tatu, kisha akasema, "Ndugu zangu, siku nitakapoondoka madarakani," akanyamaza ili anywe maji. Amosi alikuwa amesinzia. Ule ukimya ukamgutusha, akadhani hotuba imekwisha, akapiga makofi. Viganja vya mwashi mnavijua. Watu elfu arobaini wametulia tuli, na anayepiga makofi ni Amosi peke yake, tena kwa moyo wote.

Mahakamani akasomewa kosa la kupiga makofi mahali ambapo hotuba haikuwekewa makofi. Angekuwa mtu mwingine angesema alikuwa anaua mbu. Lakini Amosi hana kufuli mdomoni, tangu utoto hana. Akamwambia hakimu, "Nilikuwa nimelala, mheshimiwa." Likaongezwa kosa la pili. Hukumu ikasema azuiliwe "kwa muda atakaopenda Mlezi Mkuu". Miaka saba ikapita, na Mlezi Mkuu alikuwa hajapenda.

Basi chupa ile ilikuwa ya siku atakayotoka Amosi. Atatoka lini, Nikodemu alikuwa hajaliwaza jambo hilo mpaka mwisho wake. Kila akikaribia mwisho, aliliacha haraka akaanza kuwaza bei ya mkaa.

*

Kulikuwa na Chama cha Wapenzi wa Wiski, wanachama tisa, kilichokutana kila Jumamosi alasiri kwenye chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ujenzi la Bi Perpetua Malendo. Walikaa juu ya mifuko ya saruji. Bi Perpetua alikuwa mwenyekiti na katibu pamoja, kwa sababu saruji ilikuwa yake.

Chama kilikuwa na desturi moja. Mwanachama akinunua chupa mpya, anaileta imefungwa kwa gazeti, tena kurasa za michezo tu. Ukurasa wa kwanza una picha ya Mlezi Mkuu, na kuna bwana mmoja aliyepata miaka miwili kwa kumzungusha mheshimiwa shingoni mwa chupa na kumminya. Kabla ya kuifungua karatasi, mwenye chupa anasimama na kutaja sababu ya kununua. Ikiwa ni ya kweli, wenzake wanasema "Imepokelewa." Ikinuka uongo, "Haijapokelewa," na itabidi ataje tena mpaka aitoe ya kweli. Hapo ndipo chupa inafunguliwa na kila mtu anapata toti yake.

Miaka ya amani walizitoa sababu bila kubanwa. "Nimenunua kwa sababu mke wangu kanikataza." Imepokelewa. "Nimenunua kwa sababu jirani anayo, na kila nikipita ananionyesha." Imepokelewa. Daktari Sospeta, mganga wa meno, aliwahi kusema, "Nimetoka mazikoni, nimeona tunavyosahaulika upesi kabla hata pilau haijaiva," nayo ikapokelewa kwa sauti ya chini.

Jumamosi iliyofuata ile foleni, wanachama wote tisa walikuja na chupa. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Walitazamana, wakatazama vifurushi tisa vya gazeti mezani, kisha wakatazama bomba za maji ukutani kana kwamba ndiyo mara ya kwanza wanaziona.

"Haya, tuanze," akasema Bi Perpetua na kuchukua kalamu. "Mimi nimenunua kwa sababu bei imeshuka."

Bei ilikuwa imepanda maradufu, na wote waliilipa.

"Imepokelewa!" wakaitikia upesi, kama watu wanaoafiki bajeti.

Daktari Sospeta akasimama, akajifuta jasho. "Mimi... ni kizibo. Kizibo chake nimekipenda. Kimekaa vizuri."

"Imepokelewa!"

Ikafika zamu ya mwanachama mpya, Hilari, bwana mwembamba mwenye koti la mvua, ambaye alikuwa na wiki tatu tu chamani. Akasimama, akatabasamu kwa aibu. "Mimi nimenunua kwa sababu ninyi mmenunua."

Mtu wa kawaida hasemi neno kama hilo. Na alijuaje kwamba wao wamenunua? Daktari Sospeta akaukanyaga mguu wa Nikodemu chini ya meza, na Nikodemu akaukanyaga wa Bi Perpetua.

"Imepokelewa," akasema mwenyekiti, akiandika polepole, kisha akamgeukia Nikodemu.

"Na wewe, Mzee Kasumbi?"

Nikodemu alikuwa hajawahi kudanganya katika chumba kile. Alisimama, akamtazama Hilari, akatazama koti la Hilari lenye mifuko minne. "Magoti," akasema. "Baridi hii inanimaliza magoti."

"Imepokelewa!"

Ukafika wakati wa kufungua. Hakuna aliyefungua. Daktari alisema ana dawa anayotumia. Mwingine alisema leo mama mkwe wake anakuja. Bi Perpetua akasema basi jamani, mbona chai ipo? Mungu wangu, mngewaona! Watu tisa wanaopenda wiski, na chupa tisa za wiski mbele yao, wanapuliza chai kwenye glasi za wiski na kuisifia tangawizi.

Wakati wa kutoka Bi Perpetua alimvuta Nikodemu pembeni, karibu na rafu ya misumari.

"Kaka Niko, yule Hilari unamwonaje?"

"Anasikiliza mno."

"Ee! Na hakohoi. Umemwona akikohoa hata mara moja? Vumbi lote hili la saruji?"

"Amekuja na nani chamani?"

"Si alikuja kununua bawaba, nikamkaribisha mimi mwenyewe," akasema Bi Perpetua, akashika kifua. "Yesu wangu, nimemkaribisha mimi."

Nikodemu alirudi nyumbani kwa njia ndefu, akiwa ameikumbatia chupa ndani ya koti. Alimpita mtu mmoja aliyekuwa anafunga kamba za viatu. Alipogeuka, yule mtu alikuwa bado anazifunga.

*

Wiki ya pili redio ilikatisha muziki wa dini. Alizungumza Mheshimiwa Dokta Fulgensi Ndimbo, Mkurugenzi wa Idara ya Sababu, mtu mwenye sauti nene na matuo marefu.

"Ndugu wananchi. Chupa iliyofunguliwa ni furaha. Chupa iliyofungwa ni mpango. Na mpango ambao serikali haimo ni njama. Tumefanya utafiti, tena utafiti wa kisayansi, tumegundua kwamba chupa elfu kumi na moja zimekaa makabatini mwenu zikingoja. Serikali yenu sikivu inauliza, kwa upole kabisa: zinangoja nini?"

Akanyamaza. Hakuna nyumba iliyopiga makofi.

Kwa hiyo, akasema, imetungwa Sheria ya Vizibo. Kila chupa iliyofungwa itafunguliwa mbele ya afisa kabla ya mwisho wa mwezi. Mwenye chupa atakunywa toti moja, atatabasamu, na kukabidhi kizibo kwa kumbukumbu za taifa. Atakayekataa atakuwa amekiri kwamba anaingoja siku. Siku gani, sheria haikutaja, na ikaongeza kwamba kuitaja ni kosa.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Maafisa walitawanyika mitaani. Wakafungua dawa za kikohozi madukani, kila chupa, ikawa mji mzima unanuka mnanaa. Mwanamke mmoja alikutwa na chupa ya siki ambayo hajaifungua, akainywa toti yake mbele ya afisa, na kosa lake likawa kwamba hakutabasamu. Kanisa lilipewa siku tatu kumaliza divai. Padri akaja kusoma Misa ya Jumatatu na kuishia kwenye salamu.

Nikodemu alihamisha chupa yake mara nne. Kutoka kabatini kwenda kwenye gunia la maharage, kutoka kwenye maharage kwenda chini ya kitanda, halafu darini, kisha akaona darini ndipo mahali pa kwanza ambapo mtu mwenye akili angeangalia, akairudisha kabatini. Usingizi ukampotea. Alimwaza Hilari.

*

Afisa alikuja chamani Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kila mwanachama alikuwa ameagizwa aje na chupa yake. Alikuwa binti mmoja, Yustina Chale, nadhifu, amebeba faili nene chini ya kwapa.

"Shikamooni wazee wangu," akasema, akapiga goti kidogo.

"Marahaba," wakaitikia.

"Nimekuja kuwafungulieni chupa. Nani Hilari?"

Kumbe! Wote wakageuka. Hilari akainuka na koti lake la mvua. Afisa akasoma kutoka kwenye faili: "'Nimenunua kwa sababu ninyi mmenunua.' Hii ni sababu ya kundi. Sababu ya kundi ni ya hatari kuliko ya mtu mmoja. Ulikuwa na maana gani?"

Hilari akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, makamasi yanamtoka. Akasema mkewe alikwenda kwao mwaka jana na hakurudi. Akasema alikuja kununua bawaba tu, na mama huyu akamkaribisha, na tangu afike mjini hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwambia karibu. Siku ile aliwaona wote kwenye foleni, akajipanga nyuma kabisa, akanunua alichoweza, nusu chupa, ili asije Jumamosi mikono mitupu.

Wanachama waliinamisha vichwa. Waliona haya, ingawa si sana, maana machozi nayo yanaweza kufundishwa.

"Lakini afisa," akauliza Daktari Sospeta kwa sauti nyembamba, "kama si huyu, ninyi haya maneno mmeyapata wapi?"

Binti akamshangaa. "Si mnatuletea wenyewe?" Akageuza faili wakaona. Ulikuwa mwandiko wa Bi Perpetua, mzuri, wa duara, kurasa na kurasa. Chama kiliandikishwa kisheria, na chama kilichoandikishwa hupeleka mihtasari ya vikao kwa Msajili kila baada ya miezi mitatu. Bi Perpetua alipeleka. Kwa miaka kumi na moja aliandika kila chupa, kila mtu na kila sababu, akapiga muhuri wa duka na kutia nakala mbili kwenye bahasha. Mwaka juzi walimpa cheti cha unadhifu. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki walikuwa wamekishona wao wenyewe.

"Mimi nilifuata utaratibu," akasema Bi Perpetua, akikaa chini juu ya saruji. "Jamani, mimi nilifuata utaratibu tu."

Chupa zikafunguliwa moja baada ya nyingine. Kila mtu alikunywa, akatabasamu, akakabidhi kizibo. Daktari Sospeta alikitoa chake kwa shida, kwani kweli kilikaa vizuri.

"Mzee Kasumbi," akasema afisa. "Wewe umeandikiwa magoti. Lakini kwenye muhtasari wa mwaka jana, mwezi wa sita, ulisema wiski inakuvimbisha magoti. Hizi sababu zinapigana. Ila mimi ni mtoto wako, sitaki makuu. Fungua, kunywa toti, tabasamu, nenda kalale."

Ilikuwa rahisi hivyo. Nikodemu akashika kizibo, na mkono ukakataa. Aliogopa, sitawaficheni. Lakini zaidi ya hofu kulikuwa na huzuni. Akiifungua leo, atakuwa amesema kwa mkono wake mwenyewe kwamba Amosi hatoki. Miaka saba alikuwa hajakubali kulisema hilo.

"Magoti ni uongo," akasema. "Nimenunua kwa ajili ya siku mdogo wangu atakapotoka kifungoni. Siifungui."

Kisha Hilari, macho bado mekundu, akasema, "Imepokelewa."

"Imepokelewa," akasema Daktari. Na Bi Perpetua pale chini, mikono usoni, akaitikia naye.

Afisa alifunua faili jingine. "Amosi Kasumbi. Kwa muda atakaopenda Mlezi Mkuu." Akaanza kuhesabu kwa vidole, binti wa watu, kwa nia njema kabisa. "Mlezi Mkuu hajapenda miaka saba. Na asipopenda, huyu hatoki. Kwa hiyo huyu atatoka siku ambayo Mlezi Mkuu..." Akajiziba mdomo. Rangi ikamtoka. "Malizia wewe, mzee."

"Sijui nimalizie nini, mwanangu. Wewe ndiye uliyeanza."

"Sina kibali cha kumalizia!"

"Basi tuiache hapohapo."

Haikuachwa. Kwa kuwa hakuna afisa wa ngazi ile mwenye ruhusa ya kuikamilisha sentensi hiyo, Nikodemu alipakiwa kwenye gari pamoja na chupa yake, akapelekwa kwa Mkurugenzi.

*

Ofisi ya Dokta Ndimbo ilikuwa na mitungi ya kioo kuanzia sakafuni hadi darini, na mitungi yote ilijaa vizibo. Mkurugenzi alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Aliwatoa walinzi, akafunga mlango, akaongeza sauti ya redio, kisha akakaa akiitazama ile chupa.

"Hii ni nzuri?"

"Nzuri, mheshimiwa."

"Unajuaje, na hujaifungua?"

"Miaka kumi na minane kwenye pipa. Na mwaka ule wanausifia."

"Aha." Akaisukuma kidogo kwa kidole. "Tuseme kuna mtu. Si mtu wa hapa. Hajui mambo haya, anataka chupa moja aiweke. Ungemshauri ipi?"

Nikodemu akaupima mtego ule, akaupima tena. "Ningemshauri afungue anayoinunua, mheshimiwa. Sheria ndiyo inavyosema."

"Vizuri sana. Na baada ya kumshauri hivyo, ungemwambia ipi?"

Redio ilikuwa inaimba kwaya ya maghala ya nafaka. Nikodemu akaona kwamba hapa hakuna jibu jema, na mtu asiye na jibu jema bora aulize lake.

"Mheshimiwa, mimi naomba kujua jambo moja. Mdogo wangu anangoja Mlezi Mkuu apende. Kuna njia yoyote ya kumfanya apende?"

Dokta Ndimbo akafuta miwani yake. Akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

"Mzee," akasema, na ile sauti nene haikuwapo tena, "Mlezi Mkuu hajapenda wala kuchukia kitu chochote tangu mwezi wa pili."

"Chochote?"

"Chochote. Hata uji."

Nikodemu akahesabu. Mwezi wa pili ndipo "njema" ilipogeuka "njema sana". Watu walijipanga foleni mwezi wa nne kununua chupa za siku, na siku yenyewe ilikuwa imeshapita, bila hata mbwa kubweka. Alitafuta furaha moyoni mwake hakuiona. Aliona barafu tu.

"Na mdogo wangu?"

"Ndilo tatizo la kiutawala tulilo nalo. Wako mia nne na ishirini wanaoshikiliwa kwa kupenda kwake. Anayeweza kupenda hayupo, na kusema hayupo haiwezekani. Kwa hiyo watakaa." Akavuta droo na kutoa muhuri wenye mpini mweusi, akauweka mezani kando ya chupa. Uliandikwa IMEMPENDEZA. "Huu ninao mimi. Sijautumia. Mtu wa kwanza kuutumia ataulizwa sababu."

Nikodemu akausoma muhuri mara mbili.

"Tangu mwezi wa pili nimebeba jambo hili," akasema Mkurugenzi. "Sijanywa hata tone. Nitaanzia wapi? Nikituma mtu dukani, mji mzima utasema Mkurugenzi wa Sababu kanunua wiski. Nyumbani mke wangu ni binamu ya Waziri. Nimesoma mihtasari yenu yote, unajua? Miaka kumi na moja. Usiku mwingine naisoma kitandani. Mtu anasimama, anasema lake, wenzake wanasema imepokelewa." Akakohoa. "Hapa tunaojua ni sita. Nimekuambia, sasa wewe ni wa saba. Nikikuachia na neno hili likatoka, nitajua limetokea wapi. Hata akilijua mdogo wako. Hasa akilijua mdogo wako, nimesoma faili lake."

Nikodemu akamwelewa. Akaisukuma chupa kuvuka meza, na Mkurugenzi akapiga muhuri.

*

Amosi alirudi Jumanne saa sita mchana, amevaa suruali ya mtu mwingine. Nywele zimekuwa nyeupe. Nikodemu alimkumbatia mlangoni akalia kwa nguvu bila kujali majirani, na Amosi akampigapiga mgongoni kwa viganja vilivyokuwa laini. Mwashi mwenye viganja laini! Nikodemu akalia upya.

Kulikuwa na ugali na kuku mzima. Amosi alikula akiwa ameizungushia sahani mkono.

"Kaka," akasema alipomaliza, "nimetokaje?"

"Imempendeza Mlezi Mkuu."

"Imempendezaje? Miaka saba haikumpendeza."

Nikodemu akainuka kuchukua maji ambayo hakuna aliyeyataka. "Nilikuwa na chupa ya wiski. Nimewapa."

"Chupa."

"Ilikuwa ya miaka kumi na minane."

Amosi akausukuma mfupa pembeni mwa sahani. "Kaka, mule ndani nilikaa na watu wenye mashamba. Nilikaa na mtu ambaye mjomba wake ni jenerali, alitoa nyumba mbili na bado yumo. Mtu hatolewi kwa chupa."

"Ndivyo ilivyokuwa, Amosi. Nakuapia."

"Na hiyo chupa uliinunulia nini?"

"Kwa ajili yako. Tuje tuinywe wote siku hii."

Sababu ile ilikuwa ya kweli kuliko zote alizowahi kuzitaja maishani mwake, na hapakuwa na mtu wa kuipokea. Amosi aliirudisha sahani katikati ya meza, taratibu.

"Uliwapa jina la nani?"

"Unasema nini?"

"Nakuuliza jina. Wanatoka hivyo. Unatoa jina, anaingia mmoja, anatoka mmoja. Nani ameingia kwa ajili yangu, kaka?"

Nikodemu akafungua kinywa. Neno lilikuwa pale pale ulimini, na lingemsafisha kabisa. Lakini alimjua mdogo wake. Neno hilo Amosi angetoka nalo sokoni kabla ya jua kuzama, kwa furaha, na wote wawili wangepotea. Akafunga kinywa. Na alipokuwa amekifunga, akaona jinsi Amosi alivyokaa mkao wa kungoja, shingo mbele. Swali la tano hili. Tangu lini Amosi amekuwa mtu wa kuuliza? Na walimwachia kweli bila kumwagiza kitu?

"Umekuwa na maswali mengi," akasema Nikodemu.

"Na wewe umekuwa huna majibu."

"Kule ndani walikuwa wanakuuliza habari zangu?"

Amosi alinawa mikono, akashukuru kwa chakula kama mgeni anavyoshukuru, akauliza chumba chake ni kilekile. Nikodemu akasema ni kilekile, shuka amebadilisha. Amosi akaingia. Baada ya kitambo Nikodemu akasikia komeo likisukumwa kwa ndani, polepole, kama la mtu asiyetaka kusikika.

Alikaa pale mezani na mifupa ya kuku mpaka chai ya saa kumi ikapita. Halafu naye akaenda chumbani kwake akaweka komeo.